Kuujenga Upya Mji kwa Rada ya Setilaiti: Ulinganisho wa Njia Nne

Chukua jengo lenye kimo cha mita 100 lililosimama peke yake kwenye uwanja tambarare, kisha ulitazame katika picha ya rada iliyopigwa na setilaiti inayopita upande mmoja wa mji. Hutaliona limesimama. Utaliona limelala, kilele chake kikielekea upande ilikopita setilaiti na msingi wake ukiwa nyuma, kana kwamba limeangushwa. Sababu ni kwamba rada haioni kama jicho linavyoona: hutuma wimbi, husubiri mwangwi, na hukipanga kila kitu kwa kufuata muda ambao mwangwi wake ulichukua kurudi. Paa liko karibu zaidi na antena kuliko msingi wa jengo, kwa hiyo mwangwi wake hutangulia. Ikiwa rada inatazama kwa pembe ya nyuzi 35 kutoka wima, kilele hicho kitachorwa karibu mita 143 mbele ya msingi, juu ya barabara na miti iliyopo hapo, na nyuma ya jengo patabaki kivuli cheusi cha takriban mita 70 ambako hakutoki mwangwi wowote.

Hali hiyo ya vitu kuchorwa juu ya vingine nitaiita hapa kulaliana. Katika mji wenye majengo marefu, pikseli moja inaweza kubeba kwa pamoja mwangwi wa paa la jengo moja, ukuta wa jengo la pili na lami ya barabara iliyo mbele yao. Kila njia ya kupata umbo la mji kwa rada ni jaribio la kujibu swali moja: mwangwi huu umetoka kwenye kimo gani, na je, ni mmoja au ni mingi iliyochanganyika? Njia nne ninazozilinganisha hapa zinalijibu swali hilo kwa namna tofauti, kwa gharama tofauti, na hakuna hata moja inayozishinda nyingine katika kila kazi.

Niseme mapema kwamba mwenye data mpya za leza zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na ambaye haja yake ni umbo la majengo tu, hana sababu ya kuanza na rada. Rada hupata nafasi yake pale ambapo mawingu hayaondoki, ndege haiwezi kuruka, eneo ni kubwa mno, au anayeuliza anataka kujua pia kama majengo hayo yanasogea.

Vigezo vya kulinganisha

Vigezo ni vitano, na ningemshauri msomaji ajibu kila kimoja kwa ajili ya kazi yake kabla ya kuendelea, kwa kuwa wengi huchagua njia kwanza kisha wakaitafutia kazi. Cha kwanza ni idadi ya picha na muda wa kuzikusanya. Cha pili ni usahihi wa kimo pamoja na sura ya matokeo, yaani kama unapata uso mmoja uliotandazwa juu ya mji au nukta zilizotawanyika. Cha tatu ni namna njia inavyokabiliana na kulaliana. Hiki ndicho ninachokipa uzito mkubwa, na nitakaa nacho kwa kirefu. Cha nne ni kama njia inaonyesha mwendo wa majengo: kuzama, kuinuka, kutanuka. Cha tano ni gharama, programu na ujuzi.

Njia zenyewe kwa ufupi

Ya kwanza ni radagrametria. Eneo moja hupigwa picha mbili kutoka pembe mbili, tuseme nyuzi 30 na nyuzi 45, kisha programu hukitafuta kitu kilekile katika picha zote mbili na kupima kimehama kiasi gani. Kirefu huhama sana, kifupi huhama kidogo. Kanuni yake ni ya macho mawili, na hutumia mng'ao wa picha peke yake. Ni njia ya zamani na imefika mbali: picha za chombo cha Magellan, kilichoizunguka sayari ya Zuhura kuanzia 1990 hadi 1994, zilitumika hivyo kupata mwinuko wa sehemu za sayari hiyo, ambayo mawingu yake huziba kamera za kawaida.

Ya pili ni intaferometria ya mpito mmoja, mpito ukiwa ni setilaiti kupita juu ya eneo mara moja. Hii hutumia awamu, yaani sehemu ya mzunguko wake ambayo wimbi limefikia linapopokelewa. Antena mbili zilizotengana hupokea mwangwi uleule kwa wakati mmoja, na tofauti ya awamu kati yao hugeuzwa kuwa kimo. Chombo cha anga cha Endeavour kilifanya kazi hiyo kwa siku 11 mnamo Februari 2000, antena ya pili ikiwa imefungwa kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Baadaye ikachukuliwa na setilaiti mbili za Ujerumani, TerraSAR-X iliyorushwa mwaka 2007 na TanDEM-X iliyorushwa mwaka 2010, ambazo ziliruka pamoja kwenye kimo cha takriban kilomita 514 zikiwa zimeachana kwa mita mia chache.

Ya tatu ni ya viakisi thabiti. Setilaiti moja hurudi kwenye njia yake ya angani tena na tena, na programu huzichuja pikseli ambazo mwangwi wake haubadilishi tabia kwa miezi na miaka: kona za vyuma, kingo za madirisha, vizuizi vya balkoni, mabomba yaliyo kwenye paa. Kwa kila kiakisi hukadiriwa kimo na kasi ya mwendo kwa pamoja. Alessandro Ferretti, Claudio Prati na Fabio Rocca wa Politecnico di Milano ndio walioipa sura yake inayojulikana, karibu na mwaka 2000, wakitumia picha za setilaiti za Ulaya za ERS.

Ya nne ni tomografia. Rundo la picha ni la aina ileile, ila hapa zile tofauti ndogo za njia ya setilaiti kati ya mpito mmoja na mwingine hutazamwa kama antena moja kubwa ya kubuni iliyonyooshwa kukatiza mstari wa mtazamo, na kila pikseli hupasuliwa ili ionekane ina mwangwi kwenye vimo vipi. Mashine ya CT ya hospitalini hufanya jambo la karibu na hilo inapoutazama mwili kutoka pembe nyingi. Andreas Reigber na Alberto Moreira waliionyesha kwa rada ya ndege mwaka 2000, na mwaka 2010 Xiao Xiang Zhu na Richard Bamler wakaionyesha katika majengo ya Las Vegas kwa picha za TerraSAR-X zenye ubainifu wa takriban mita moja, ambazo hapa chini naziita picha za mita moja.

Idadi ya picha na muda

Radagrametria inatosheka na picha mbili, na hizo hazihitaji kutoka kwenye njia moja ya setilaiti. Kwa makundi ya setilaiti ndogo kama ya ICEYE, Capella au Umbra, jozi inaweza kupatikana katika muda wa siku chache. Intaferometria ya mpito mmoja nayo inahitaji jozi moja tu, lakini jozi hiyo lazima itoke kwa setilaiti mbili zilizopangwa kuruka pamoja, na vyombo vya namna hiyo ni vichache mno. Kwa hiyo mtumiaji wa kawaida hutegemea hifadhi iliyokwisha kupigwa, si picha mpya ya kuagiza.

Viakisi thabiti na tomografia huomba subira. Picha 20 hadi 30 ndicho kiasi cha kawaida kwa viakisi; tomografia hupenda zaidi ya hapo. TerraSAR-X hurudi kwenye njia yake kila baada ya siku 11, kwa hiyo picha 25 ni miezi tisa ya kungoja, tena bila kukosa mpito hata mmoja. Aliye na bahati ya kukuta rundo likiwa tayari kwenye hifadhi hangoji kitu. Ndiyo maana Sentinel-1, rada ya setilaiti ya Ulaya ambayo imekuwa ikipiga picha na kuzitoa bure tangu 2014, imewafungulia mlango watu wengi. Wapo watafiti waliopata majengo kwa jozi tano tu za TanDEM-X, kwa kuunganisha tomografia na uchujaji unaotumia pikseli zinazofanana, ila kwa kuridhika na usahihi mdogo zaidi.

Kuna sharti ambalo husahaulika hadi matokeo yatoke: picha zote za rundo lazima ziwe za njia moja ya setilaiti, pembe moja na namna moja ya upigaji, na mji wenyewe usibadilike sana katikati. Jengo lililoanza kunyanyuka kwenye picha ya kumi na kukamilika kwenye picha ya ishirini halitaonekana kama jengo. Litaonekana kama kelele, au halitaonekana kabisa. Katika mtaa unaojengwa kwa kasi, jozi moja ya mpito mmoja inasema ukweli zaidi kuliko rundo la miaka mitatu.

Usahihi wa kimo na sura ya matokeo

Radagrametria hutoa kimo chenye makosa ya mita kadhaa, na katikati ya mji makosa hayo huongezeka, kwa sababu ukuta unaotazamwa kwa nyuzi 30 haufanani na ukuta uleule unapotazamwa kwa nyuzi 45. Pembe zikikaribiana, picha hufanana lakini kimo hupoteza usahihi; zikiachana, hesabu ya kimo huimarika lakini programu haivitambui tena vitu. Hapo ndipo njia hii ilipobanwa. Isipokuwa, na hili linastahili kutajwa, kwa vitu vya pekee vinavyotambulika bila shaka: nguzo ya taa, ambayo ni duara na huonekana pande zote, inaweza kupatiwa mahali pake kwa usahihi wa sentimita kadhaa ikiwa setilaiti ni TerraSAR-X na ucheleweshaji wa wimbi katika angahewa umesahihishwa. Nukta chache za aina hiyo ni hazina kwa yeyote anayehitaji kuufunga mji wake kwenye ramani.

Intaferometria ya mpito mmoja hutoa uso kamili usio na mapengo mengi. Modeli ya mwinuko wa dunia nzima ya TanDEM-X, iliyokamilika mwaka 2016, ina hatua ya mita 12 kati ya nukta na nukta. Toleo lake la mita 90 limekuwa bure tangu 2018, na modeli ya mita 30 ya Copernicus, programu ya Umoja wa Ulaya ya kuitazama dunia, imetokana na data hizohizo. Kwa bonde, kilima na uwanda ni kazi nzuri sana. Kwa mji, ni kama shuka iliyotandikwa juu ya masanduku: unaona pana masanduku, unaona lipi kubwa, lakini kingo zimezama na vichochoro vimejaa.

Viakisi thabiti vinatoa nukta. Kwa picha za mita moja, kimo cha nukta hukosea kwa takriban mita moja au zaidi kidogo. Kwa Sentinel-1 hali ni nyingine. Pikseli yake ni ya takriban mita 5 kwa mita 20, na setilaiti yenyewe huongozwa ishike njia nyembamba ili ipime mwendo vizuri. Wembamba huo unaofaa kwa mwendo ndio unaodhoofisha kimo: mipito miwili ikitengana kwa mita 100, mzunguko mzima wa awamu unalingana na kimo cha karibu mita 145, kwa hiyo kosa dogo la awamu huwa kosa la mita nyingi. Utajua kwamba nukta iko juu ya jengo refu na si barabarani. Hutajua iko ghorofa ya ngapi.

Tomografia kwa picha za mita moja hutoa wingu la nukta ambalo katika mtaa wenye majengo mengi hufikia mamia ya maelfu, hata kukaribia milioni moja, kwa kilomita ya mraba. Watafiti wa DLR, shirika la anga la Ujerumani, na wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich waliijenga Berlin kwa namna hiyo, wakiunganisha wingu lililopigwa setilaiti ikielekea kaskazini na lile lililopigwa ikielekea kusini. Ukisogea karibu na ukuta mmoja ndani ya wingu kama hilo, unaona nukta zimejipanga kwa safu, safu juu ya safu, umbali ukiwa uleule kati yao. Kila safu ni ghorofa, na kila nukta huenda ni kona ya dirisha ambamo wimbi liligonga mara tatu na kurudi lilikotoka. Kwa anayeijua kazi iliyofanyika kuanzia kilomita mia tano juu, mistari hiyo haizoeleki.

Namna kila njia inavyokabili kulaliana

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa.

Radagrametria haina dawa ya kulaliana. Inachukulia kwamba kila pikseli ni kitu kimoja kinachoweza kutambuliwa, na penye mchanganyiko hubahatisha au hunyamaza. Katika mtaa wa majengo ya ghorofa mbili au tatu yenye nafasi katikati, madhara ni madogo. Katika kitovu cha mji mkubwa, matokeo hayategemeki.

Intaferometria ya mpito mmoja huchanganya. Pikseli yenye paa na barabara itatoa awamu moja iliyo kati ya hizo mbili, ikivutwa na ile yenye mwangwi mkali zaidi, na kimo kitakachosomwa hakitakuwa cha paa wala cha barabara. Pana tatizo jingine linaloambatana na hilo. Awamu hujirudia: antena zikitengana kwa mita 250 katika mpangilio wa kawaida wa TanDEM-X, mzunguko mzima ni kama mita 45 za kimo, kwa hiyo nukta iliyo mita 5 juu ya ardhi na iliyo mita 50 huonyesha awamu ileile. Kwenye mlima, programu huikunjua awamu kwa kupanda hatua kwa hatua kutoka pikseli moja hadi ya jirani. Kwenye ukuta wa jengo hakuna mteremko wa kupanda. Kimo huruka ghafla, na programu hukosea mzunguko mzima bila kujua. Anayesoma modeli ya namna hii katika mji wa minara asishangae kukuta mnara umekatwa mita 45.

Viakisi thabiti hukabili kulaliana kwa kukataa. Njia hii inataka pikseli yenye kiakisi kimoja kinachotawala. Pikseli yenye viwili vyenye nguvu sawa huonekana haina tabia thabiti na hutupwa. Huu ni uaminifu mzuri, kwani nukta zinazobaki zinaaminika, lakini fikiria zilizotupwa zilikuwa wapi: nyingi zilikuwa kwenye sehemu za chini za kuta ndefu, zile hasa zinazolaliana na ardhi na mapaa ya majengo mafupi. Ndiyo maana mnara ulio kwenye ramani ya viakisi mara nyingi una nukta nyingi juu na chache chini.

Tomografia ndiyo iliyobuniwa kwa ajili ya tatizo hili. Badala ya kuuliza kimo cha pikseli, huuliza orodha ya vimo vyake, na kutoa viwili au vitatu panapostahili. Hata hivyo pana jambo ambalo wanaoanza hulichanganya, nalo ni tofauti kati ya kutenganisha na kupima. Kwa TerraSAR-X, wimbi likiwa na urefu wa sentimita 3.1, umbali hadi ardhini ukiwa kilomita 700 hivi na njia zikitawanyika kwa mita 270, uwezo wa kawaida wa kutenganisha vitu viwili kwenye mwelekeo wa tatu ni mita 40 tu, ingawa kwenye mielekeo mingine miwili ni takriban mita moja. Kitu kilicho peke yake kinapimwa kwa usahihi wa mita moja. Viwili vilivyo karibu kuliko mita 40 huanza kuungana. Hesabu zinazochukulia kwamba ndani ya pikseli mna vitu vichache tu vyenye mwangwi huvuka mpaka huo na kuvitenganisha vilivyo karibu zaidi, ila zinahitaji mwangwi wenye nguvu, picha nyingi na kompyuta zenye uwezo. Anayeahidiwa kwamba tomografia itatenganisha balkoni na paa la gari lililo chini yake aulize kwanza rundo lina picha ngapi.

Kuna kasoro ambayo njia zote nne zinashiriki, na hakuna hesabu inayoiponya. Nyingi za setilaiti hizi hupita karibu na ncha za dunia na kutazama upande mmoja, kwa hiyo mtazamo wao huelekea mashariki au magharibi. Kuta zinazotazama upande wa rada huonekana. Za upande wa pili zimo kivulini mpaka zipatikane picha za njia ya upande wa pili. Na zinazotazama kaskazini au kusini hurudisha mwangwi hafifu kutoka pande zote mbili.

Mwendo wa majengo

Radagrametria haioni mwendo. Intaferometria ya mpito mmoja nayo haiuoni, kwa kuwa antena zote mbili zimetazama kwa wakati mmoja, ila ukilinganisha modeli mbili za miaka tofauti utaona jengo lililobomolewa na lililoinuka.

Viakisi thabiti vimejengwa kwa ajili hiyo, na kwa rundo refu hupima kasi ya milimita chache, hata pungufu ya moja, kwa mwaka. Kwa nchi nyingi za Ulaya, programu ya Copernicus imeyaweka matokeo ya namna hii kutoka Sentinel-1 wazi kwa yeyote tangu 2022. Tomografia hupima mwendo pia, na huongeza jambo moja la thamani: ikiwa paa na ardhi vimo kwenye pikseli moja, inaweza kusema kinachosogea ni kipi.

Joto lisisahaulike. Jengo la chuma la mita 100 likipata tofauti ya nyuzi 30 za joto kati ya kipupwe na kiangazi hutanuka kwa takriban milimita 36, na kwa rada ya bendi ya X, kama ya TerraSAR-X, mzunguko mzima wa awamu kati ya mipito miwili ni milimita 15.5 tu. Asiyeliingiza joto kwenye hesabu yake hatapata mwendo wa uongo tu. Atapata kimo cha uongo pia, kwa maana hesabu itaitafutia ile awamu ya ziada mahali pengine pa kukaa.

Gharama, programu na ujuzi

Modeli za mwinuko zilizo tayari za intaferometria ndizo rahisi kuliko zote: unapakua, unatumia. Radagrametria hugharimu picha mbili na programu ya kulinganisha picha, na mtu mwenye uzoefu wa picha za angani ataielewa haraka.

Kwa viakisi thabiti, picha za Sentinel-1 ni bure, na zipo programu za wazi kama SNAP, StaMPS, ISCE na GMTSAR. Kinachogharimu ni miezi ya kujifunza, kwa sababu programu hizi hutoa jibu hata pale usipostahili kupewa. Picha za mita moja hulipiwa moja moja, na rundo la 30 ni malipo mara 30, ingawa watafiti wanaweza kuomba za TerraSAR-X kupitia DLR kwa kuandika pendekezo. Tomografia hubeba gharama zote hizo na kuongeza ya kompyuta: eneo la kilomita 10 kwa 10 lenye pikseli za mita moja ni pikseli milioni 100, na kila moja inahitaji hesabu yake. Programu iliyo tayari kwa mtumiaji wa kawaida ni adimu. Wengi huandika yao. Asiye na mtu wa kukaa na kazi hiyo kwa mwaka mzima namshauri kwa moyo wote asianze nayo peke yake.

Mwongozo kwa hali

Ikiwa ni dharura, mji umepigwa na tetemeko au mafuriko na mawingu yametanda, chukua picha ya kwanza inayopatikana. Hata kabla ya radagrametria, picha moja inaweza kukupa kimo cha jengo lililo peke yake: pima urefu ambao jengo limelala ardhini, zidisha kwa tanjenti ya pembe ya mtazamo, na mita 143 kwa nyuzi 35 zinakurudishia mita 100. Jozi ya radagrametria iongezwe inapofika.

Ikiwa unapanga mifereji, minara ya mawasiliano au modeli ya mafuriko kwa eneo pana, ambapo mji ni sehemu tu ya mandhari, intaferometria ya mpito mmoja inatosha, na kutafuta zaidi ni kupoteza muda. Kagua tu mitaa yenye majengo marefu kwa jicho lako.

Ikiwa swali lako la kwanza ni kama majengo yanazama, hasa juu ya njia ya chini ya ardhi au udongo laini, anza na viakisi thabiti kwa Sentinel-1, na uvitumie vimo vyake kutenganisha nukta za paa na za ardhini tu. Penye jengo linalotia shaka, hapo ndipo fedha ya picha za mita moja inapostahili kutumika. Mwanafunzi asiye na bajeti naye njia yake ni hiyohiyo.

Ikiwa mji ni wa minara iliyosongamana, unahitaji umbo la kuta na unao muda, tomografia ndiyo inayoleta kile ambacho nyingine haziwezi. Agiza picha za njia mbili za setilaiti, ya kupanda kuelekea kaskazini na ya kushuka kuelekea kusini, tangu mwanzo, kwa sababu wingu la upande mmoja ni nusu ya mji. Ardhi yake ifunge kwenye modeli ya intaferometria au kwenye nukta zilizopimwa, kwani vimo vya tomografia huhesabiwa kutoka kwenye nukta moja ya rejea, na ikikosea hiyo mji wote hupanda au kushuka pamoja nayo.

Ikiwa ni makazi ya nyumba fupi zilizobanana, zenye vichochoro vyembamba kuliko pikseli, njia zote nne zitakupa machache. Jozi ya picha za kawaida za setilaiti, siku ya anga safi, itakufaa zaidi. Na ikiwa kuta unazozihitaji zinatazama kaskazini au kusini, jua hilo kabla ya kuagiza rundo la picha, utafute leza.